Mfalme Alimwona Ng'ombe, Kondoo Hakumwona

Barua nne tulizochagua safari hii zimeandikwa na watu wasiojuana, lakini zote zinazunguka jambo moja: kwa nini huruma yetu huwa kali kwa aliye mbele ya macho yetu na hafifu kwa aliye mbali, na je, tofauti hiyo ina uhalali wowote? Nimezifupisha bila kugusa maana yake.

Swali: Mhariri, wiki iliyopita mtoto wa jirani yangu alianguka kwenye ngazi akapasuka kidevu. Nilimbeba mwenyewe, nimelikandamiza jeraha kwa kitambaa mpaka tukafika hospitali, na usiku ule sikupata usingizi kwa kuikumbuka ile damu iliyokuwa ikinikaukia vidoleni. Asubuhi yake redio ikatangaza kwamba mafuriko katika nchi ya mbali yameua mamia ya watu. Nikasema "maskini", kisha nikaongeza sauti nisikie taarifa ya hali ya hewa. Tangu siku hiyo najiuliza: kidevu kimoja kilichoshonwa nyuzi nne kiliniondolea usingizi, na mamia ya maiti hawakuniondolea hata lepe moja. Je, moyo wangu una kasoro? — *Mama Asiyelala*

Jibu: Mama, kama hiyo ni kasoro, basi ni ya zamani sana na hujaugua peke yako. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, huko Uchina, mfalme Xuan wa dola ya Qi alikuwa ameketi katika ukumbi wake alipoona ng'ombe akiswagwa kupita chini. Akauliza anapelekwa wapi, akaambiwa anakwenda kuchinjwa ili damu yake ipakwe kwenye kengele mpya, kama ilivyokuwa ada. Mfalme akasema mwachieni, siwezi kuvumilia kumwona akitetemeka kama mtu asiye na hatia anayepelekwa kuuawa. Watumishi wakamuuliza kama ada yenyewe basi iachwe. Akajibu: hapana, tumieni kondoo. Watu wakamsengenya kwamba ni bahili, kwa kuwa kondoo ni rahisi kuliko ng'ombe, lakini mwanafalsafa Mencius alimtetea kwa maneno ambayo hayajapata kuzeeka: ulimwona ng'ombe, kondoo ulikuwa hujamwona. (Kondoo, bila shaka, hakuulizwa.)

Angalia kwamba katika kisa hicho hakuna aliyepima umbali kwa hatua. Huenda yule kondoo alikuwa zizini nyuma ya ukumbi uleule, karibu zaidi na mfalme kuliko barabara aliyopitishwa ng'ombe. Kilichomwokoa mmoja na kumwangamiza mwingine ni jicho, na jambo hili ningependa ulishike, kwa sababu tunapozungumzia umbali kwa kawaida tunafikiria kilomita, ilhali moyo haujui kilomita ni nini. Moyo unajua sura, sauti, na mguso wa ngozi.

Jaribio linaloonyesha hivyo kwa namna ya kutisha lilifanywa na Stanley Milgram katika Chuo Kikuu cha Yale, nchini Marekani, mwaka 1961 na 1962. Watu wa kawaida waliambiwa wampige mtu shoti ya umeme kila alipokosea jibu, na kila kosa liliongeza nguvu ya umeme hadi kufikia volti 450. Umeme wenyewe haukuwapo na yule mtu alikuwa akiigiza, lakini waliobonyeza swichi hawakulijua hilo. Alipowekwa chumba kingine, asionekane wala kusikika ila kwa kugonga ukuta, watu 26 kati ya 40 walifika mwisho wa kipimo. Alipowekwa chumba kimoja nao, waliofika mwisho walipungua wakawa 16. Na ilipobidi wamshike mkono kwa nguvu wauweke juu ya bamba la umeme, walibaki 12. Amri ilikuwa ileile, mwanasayansi aliyevaa koti lake ni yuleyule, maumivu waliyodhani wanayasababisha ni yaleyale. Kilichoondolewa ni ukuta, kisha nafasi kati ya mwili na mwili. Sisemi kwamba wale 12 walikuwa mashetani na wengine malaika. Nasema kwamba ukuta mmoja wa chumba ulitosha kubadilisha watu wangapi watatii amri ya kumtesa mwenzao, na ukuta si kitu ambacho mtu yeyote angekitaja akiulizwa ni nini kinachomwongoza katika maadili.

Kinyume chake pia ni kweli. Kwa miezi kadhaa ya mwaka 1984 mashirika ya misaada yalikuwa yakitoa takwimu za njaa nchini Ethiopia, na dunia ilizisikia kama wewe ulivyoisikia redio yako. Mwezi Oktoba mpiga picha Mkenya, Mohamed Amin, akiwa na mtangazaji Michael Buerk wa BBC, alipiga picha za wenye njaa huko Korem alfajiri, miili ikiwa imefungwa katika matambara. Picha zile ziliporushwa hewani tarehe 23, michango ilianza kumiminika, na mwezi Julai mwaka uliofuata yakafanyika matamasha makubwa ya Live Aid mjini London na Philadelphia. Korem haikusogea hata kilomita moja kuelekea London. Watazamaji waliona nyuso, basi. Na marubani wa ndege za kivita zisizo na rubani ndani yake, wanaokaa maelfu ya kilomita kutoka kwa wanaowalenga, wanaweza kumtazama mtu kwa kamera siku nzima, wakamwona akicheza na wanawe, kabla hawajaamriwa kumuua. Baadhi yao wameeleza kwamba ndoto na kumbukumbu zinawasumbua kama zinavyomsumbua askari aliyekuwa uwanjani. Kwa ramani wako mbali, kwa jicho wako karibu kupita kiasi.

Sasa narudi kwenye usingizi wako. Katika karne ya 18 Adam Smith, ambaye wengi wanamjua kwa uchumi tu, aliandika kuhusu mtu mwema wa Ulaya anayesikia kwamba tetemeko limeimeza Uchina yote. Atasikitika, atasema maneno mazito juu ya udhaifu wa maisha ya binadamu, kisha atarudi kwenye shughuli zake na usiku atakoroma kama kawaida. Lakini akiambiwa kwamba kesho atakatwa kidole chake kidogo, hatalala. Wengi hukinukuu kisa hicho wakaishia hapo, na hapo ndipo wanapomwonea Smith. Swali lake lilikuwa la pili: je, mtu huyo angekubali mamilioni wafe ili kidole chake kipone? Smith anasema hapana, angeshtuka hata kuliwaza wazo hilo, na kinachomzuia si ile huruma hafifu, bali ni akili na dhamiri, yule mtu aliye ndani yetu anayetukumbusha kwamba sisi ni mmoja tu kati ya wengi.

Kwa hiyo, Mama, usijilazimishe kulia kwa ajili ya mafuriko. Machozi ya kujilazimisha hayamwokoi aliyezama, na ukilia kwa kila taarifa ya habari hutaweza hata kumbeba mtoto wa jirani. Lakini usikubali pia kwamba kwa kuwa hukulia, basi hakuna lililokuhusu. Kilichokunyima usingizi ni damu uliyoigusa. Kama ungeigusa ya wale wengine ingekunyima vilevile, na kulijua hilo kunatosha kukufanya uzime redio na kuuliza michango inapokelewa wapi. Huhitaji kuwa umesikia uchungu ndipo utoe. Watu hulipa madeni yao kila mwezi bila kububujikwa na hisia yoyote, na deni hulipika.

Swali: Mzee mmoja ninayemheshimu sana, baba wa mke wangu, alinikuta nikituma mchango kwa wakimbizi wa nchi nyingine akaniambia: "Mwanangu, fimbo ya mbali haiui nyoka. Waliokuzunguka umewamaliza?" Nilinyamaza kwa adabu, lakini sikuridhika. Nani ana haki kati yetu? — *Mkwe Mnyamavu*

Jibu: Ulifanya vyema kunyamaza, kwa sababu nusu ya maneno ya mzee ni kweli, na mkwe hana haja ya kuibishia nusu hiyo.

Ukweli wake ni huu. Aliye karibu tunamjua: tunajua kama ana njaa kweli au ana uvivu, kama pesa itafika kwa watoto au itaishia kwa mwingine, na kesho tunaweza kupita kuona kama msaada umefaa. Aliye mbali tunamwona kwa macho ya watu wengine, na mchango unapita mikono mingi. Zaidi ya hayo, yako majukumu ambayo hayawezi kugawiwa dunia nzima sawasawa. Mtoto wako anakuhitaji wewe, si mfadhili wa kambo. Na kama kila mzazi angewalea watoto wote wa dunia kwa usawa, hakuna mtoto ambaye angelelewa na mtu yeyote.

Hata hivyo, isikilize methali yenyewe vizuri. Inazungumzia fimbo. Haijasema kwamba nyoka wa mbali hana sumu, wala kwamba anayeumwa huko haumii. Ni methali ya urefu wa mkono, na ilipotungwa mkono haukuwa na cha kuurefusha. Mwaka 1972 Peter Singer, mwanafalsafa wa Australia, alichapisha insha aliyoiandika wakati mamilioni ya wakimbizi walipokuwa wakiteseka Bengali, na ndani yake akatoa mfano ambao umezunguka dunia: ukipita kando ya kidimbwi ukaona mtoto anazama, utaingia kumtoa hata kama nguo zitalowa matope, na hakuna atakayekusifu sana kwa hilo kwa sababu ni wajibu. Kama unaweza kumwokoa mtoto mwingine kwa gharama ndogo vilevile, anasema, haijalishi kimaadili kama yuko hatua kumi kutoka kwako au maili elfu kumi. Wapo waliombishia kwa hoja nzito, hasa kwamba vidimbwi vya dunia havina mwisho na mtu mmoja hawezi kuishi maisha yake yote akiwa ndani ya maji. Pingamizi hilo naliona la haki, lakini linahusu ni kiasi gani tutoe, na halijaugusa umbali hata kidogo: vidimbwi mia moja vilivyoko mtaa wako vingekuchosha vivyo hivyo.

Fimbo ya mbali imewahi kuua nyoka, tena mkubwa. Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilianza kampeni kali ya kuutokomeza ugonjwa wa ndui, likitumia chanjo, fedha na wataalamu kutoka nchi nyingi, zikiwemo ambazo ndui ilikuwa imeshakoma kwao. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwezi Oktoba 1977. Alipona, na miaka mingi baadaye alizunguka kuwashawishi wazazi wa nchi yake wawapeleke watoto kuchanjwa polio. Mwaka 1980 ikatangazwa rasmi kwamba ndui imetoweka duniani. Waliotengeneza dozi zile hawakupata kuwaona waliochanjwa, na wala hawakuhitaji kuwaona, kwa sababu katikati yao walikuwapo watu wa karibu, waliozijua njia na lugha, wenye sindano mkononi. Umbali ulifanya kazi kwa kupokezana na ukaribu. Nadhani mzee wako, ukimwelezea hivyo siku ambayo hajakasirika, atakubali kwamba hoja ni kumpata wa kupokea fimbo upande wa pili.

Na ukitaka kumvuta zaidi, mkumbushe lugha yake mwenyewe. Katika karne ya 2 Hierocles, mwanafalsafa wa Kistoa aliyeandika kwa Kigiriki, alimfananisha mtu na kitovu cha duara nyingi, ya ndani nafsi yake, inayofuata wazazi na ndugu, kisha jamaa, majirani, raia wenzake, na ya nje kabisa wanadamu wote. Akashauri tujitahidi kuzivuta duara za nje ziwe karibu na kitovu, kwa mfano kwa kuwaita binamu ndugu na kuwaita wajomba baba. Msemaji wa Kiswahili hahitaji ushauri huo, kwani ana mama mdogo na baba mkubwa tangu azaliwe, na neno "ndugu" analitumia kwa aliyezaliwa naye na kwa asiyemjua aliyesimama nyuma yake katika foleni. Kama neno limeweza kutoka tumboni mwa mama likafika kwenye foleni, sioni ni mpaka gani utakaolizuia kwenda mbele.

Swali: Kama kuona ndiko kunakoleta huruma, mbona mimi naona kila siku kwenye simu watoto waliofukiwa na vifusi, na sasa sihisi chochote? — *Amechoka Kutazama*

Jibu: Kwa sababu unaona wengi mno na hufanyi chochote kwa hata mmoja wao. Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha mwaka 2007 utafiti ambao watu waliombwa wachangie wenye njaa. Waliosomewa habari za msichana mmoja wa Mali walitoa wastani wa dola 2.38; waliopewa takwimu za mamilioni walitoa dola 1.14, na, hili ndilo linalonishangaza mpaka leo, waliopewa msichana pamoja na takwimu walitoa dola 1.43. Idadi ilimfunika mtoto. Simu yako inakupa watoto kwa idadi, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa sekunde chache, na kidole chako kimeshajifunza kuwasukuma juu. Punguza kutazama. Chagua janga moja, lisome mpaka ujue majina ya miji yake, toa ulicho nacho, na ruhusu mengine yakupite bila kujihukumu. Picha isiyofuatwa na tendo, kwa maoni yangu, humfunza mtu kutazama tu.

Swali: Mimi ni mjumbe wa kamati inayogawa msaada wa matibabu. Tunasoma mafaili tu. Nimependekeza tuwe tunawaita waombaji tuwaone ana kwa ana ili tusiamue kama mashine, na mwenyekiti amekataa akisema tukiwaona tutapendelea. Je, si ukatili? — *Mjumbe wa Kamati*

Jibu: Swali lako limenigusa mahali ambapo ningependa pasiguswe, kwa sababu nimewahi kukaa kwenye kiti kama chako.

Nikiwa kijana nilifanya kazi katika ofisi moja iliyokuwa ikitoa msaada wa karo. Kazi yangu ilikuwa kupitia fomu na kuzitoa zile zilizokuwa na upungufu. Iliyokosa muhuri nilichora mstari mwekundu juu ya jina, nikaitupia kwenye kikapu cha kushoto, na kwa saa moja niliweza kupitia nyingi bila kuhisi lolote isipokuwa njaa ya mchana. Siku moja, mvua ikinyesha, mama mmoja alifika dirishani na binti yake kuulizia fomu ambayo jana yake nilikuwa nimeichora. Nilikwenda kuitoa kikapuni. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na jina la shule lilikuwa limeandikwa kwa penseli kwanza, kisha kwa wino juu yake kwa uangalifu, herufi kwa herufi. Yule binti hakunitazama usoni. Alikuwa anaitazama kalamu nyekundu iliyokuwa bado mkononi mwangu. Niliirudisha kalamu mfukoni, nikamwonyesha mama yake mahali pa kugongesha muhuri, nikampa fomu mpya.

Jioni ile nilijiona mtu mwema kwelikweli. Ilinichukua siku mbili kukumbuka kwamba kikapu bado kilikuwa na wengine wasio na muhuri, ambao kosa lao la ziada lilikuwa kuishi mbali na dirisha langu au kukosa nauli ya kufika. Asiyekuwepo na lake halipo.

Mwenyekiti wako, basi, ana hoja. Mwaka 1995 Daniel Batson na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu walisikilizishwa mahojiano ya msichana wa miaka 10 mwenye ugonjwa usiopona, ingawa kwa kweli hakuwapo mtoto huyo, kisha wakapewa nafasi ya kumrusha foleni ya kupata dawa awe mbele ya watoto wengine waliokuwa na haja kubwa zaidi. Walioombwa wajiweke katika nafasi yake, wengi wao walimrusha foleni. Walioombwa wasikilize bila kujihusisha, ni wachache waliofanya hivyo. Huruma ya ana kwa ana iliwadhulumu wasiosikika. Ukiwaita waombaji wote, watakaofika ni wenye nauli, wenye kuongea vizuri, na wenye nyuso zinazokumbusha watoto wenu.

Lakini mwenyekiti akidhani kwamba mafaili peke yake ni haki, naye amekosea, kwa kuwa mimi nilikuwa na mafaili matupu na nilichokuwa nikifanya kwa kalamu ile hakikuwa haki. Laiti yule binti asingekuja, nisingejua kwamba kanuni ya muhuri ilikuwa inawakata watu wasio na kosa. Kwa hiyo ningependekeza mkutane na wagonjwa, ila si katika siku ya kuamua wala si wale ambao majina yao yako mezani. Mkutane nao wakati wa kuzitunga kanuni na wakati wa kuzipima upya, mkae nao muda wa kutosha kusikia fomu yenu inawashinda wapi. Kisha mkirudi kwenye mafaili, amueni kwa kanuni hiyo kwa kila mmoja, aliyeonekana na asiyeonekana.

Mimi siku ya tatu nilikimwaga kikapu mezani, nikazitenga fomu zote zilizokosa muhuri peke yake, nikazipeleka kwa mkubwa wangu. Hakufurahi, ila aliruhusu zipelekewe barua ya kuwapa wenyewe wiki mbili zaidi. Bahasha niliziandika kwa mkono usiku ule, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile nikawa nasoma anwani.